Nilimwambia ni Daktari Mmoja

Tukuyu, Jumapili, baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Sikuulizi hali, hali yako naiona. Umetoka hapa sasa hivi na sweta langu bila kuniomba, unakwenda kumuaga bibi yako ng'ambo ya soko, na najua hamtamaliza mapema maana bibi yako akianza dua hajui kufunga. Nami nimeona nitumie nafasi hiyohiyo.

Mambo ya kuchemsha maji, kufungia begi kufuli na kutoazima watu ndoo, shangazi yako ameyasema tangu asubuhi, na akirudi atayasema tena. Mimi nina jambo jingine, na nimelikimbia miaka minne. Nikilisema kwa mdomo nitaligeuza. Ulimi wangu unaujua: naweza kumsuta mtu mpaka akaniomba radhi kwa kosa langu mwenyewe. Kwa hiyo naandika, na kesho asubuhi nitakupa mkononi ukiwa umeshakaa kwenye basi, kwa sababu mimi ni mwoga.

Jumapili iliyopita, kwenye shughuli ya kukuaga, ulisimama mbele ya wajomba zako ukasimulia kile kisa. "Mama yangu alikuwa peke yake zahanati kule Lupepo, hana daktari, hana kipimo. Akapiga picha titi la mgonjwa, akaituma kwenye grupu la mafunzo, na daktari bingwa akamjibu yuko Dar es Salaam. Yule mama akapona. Siku ile ndiyo niliamua nitakuwa daktari." Mjomba wako Hamisi akapaza sauti, "Takbiri!" na watu wakaitikia. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kuangalia pilau, na pilau lilikuwa limeshapakuliwa lote.

Hakupona, Rukia. Jina lake Atupele, na alikufa mwaka uleule.

Ulipokuja likizo ukaniuliza, nikakwambia amepona, amehamia Chunya kwa mumewe kwenye machimbo. Ulikuwa kidato cha tatu, una furaha ya kuona mama yako amefanya jambo, nami sikutaka kuiharibu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa naipenda ile sura uliyokuwa ukinitazama nayo. Uongo ule ukausimulia shuleni, ukausimulia kwa rafiki zako, na sasa umeusimulia mbele ya wazee wetu, na kesho unaupakia kwenye basi.

Hata hivyo ningeendelea kunyamaza, naijua roho yangu. Alhamisi ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa namenya ndizi za mbalaga, ukaingia jikoni na simu. "Mama, ona! Waliotutangulia chuoni wametutumia maswali ya kujipima. Hili la titi nimelipata!" Ukanisogezea. Juu picha, chini majibu manne, na lile la tatu ulilochagua limewekewa alama ya kijani. Mimi nilikitambua kitenge kabla sijalitambua titi. Nikasema hongera, na ndipo nikajikata kidole, ukanifunga plasta huku unanieleza kwa nini majibu yale mengine si sahihi. Ulieleza vizuri sana. Ule ulikuwa mwili wa Atupele, mwanangu, na picha ile niliipiga mimi.

Sasa nikusimulie yote, na safari hii sipunguzi.

Alikuja zahanati mwezi wa mvua nyingi, na mtoto wake wa pili mgongoni, hajafikisha mwaka. Titi la kushoto limevimba, lina joto. Nikasema jipu, wanyonyeshao hupata majipu. Nikampa dawa. Akarudi, nikampa nyingine. Aliporudi mara ya tatu nikamfokea kwamba hamalizi dozi, ninyi wanawake wa huku mkipata nafuu kidogo vidonge mnawapa kuku. Alifungua leso akanionyesha karatasi za vidonge, zote tupu, amezitunza. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikuwa sijui ninachokitazama. Chuoni kwetu kitabu cha magonjwa ya wanawake kilikuwa kimoja, kinakaa kwenye kabati la mkufunzi, na kurasa za matiti walikuwa wamezichana wahuni wa miaka ya mbele yetu. Mkufunzi aliiruka sura ile, akasema mtayaona wodini. Sikuyaona. Nimefanya kazi miaka ishirini na kitu, nimezalisha nusu ya watoto wa kata ile, na ngozi ya titi iliyovutika kama ganda la chungwa sikujua maana yake. Wewe hujaingia hata darasani na unaijua. Usidhani sioni tofauti hiyo. Naiona, na inaniuma kwa niaba ya wale wote waliopita mikononi mwangu kabla ya simu.

Wakati ule ndipo walipotuingiza kwenye grupu la mafunzo. Unatuma kisa chako, mabingwa wanajibu, wenzako wanasoma na kujifunza. Nikamwambia Atupele, "Nikupige picha nimuulize daktari?"

"Daktari yupi, mama?"

"Yuko mbali huko. Bingwa."

"Ni mmoja?"

"Mmoja tu, mwanangu."

"Haya. Kama ni mmoja."

Watu katika grupu lile walizidi mia mbili, na nilijua. Nilisema mmoja kwa sababu kumweleza grupu ni kitu gani kungechukua muda, na nje kulikuwa na foleni. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine nzuri zaidi. Nikampiga picha kuanzia shingoni kushuka chini. Uso nikauacha nje, nikajiona nimemstahi.

Jibu lilifika kabla sijamaliza kumchoma sindano mgonjwa aliyefuata. "Hili si jipu. Ni saratani mpaka ithibitike vinginevyo. Mtume Mbeya wiki hii wakakate kipande wapime." Wakafuata wengine wawili, wakasema hivyohivyo. Nikaandika rufaa, nikamwita mumewe kwa simu, akasema anakuja Jumanne kumpeleka. Kila kitu kilikuwa kimepangika. Jioni ile nikampigia matroni wenu nikaomba kuongea na wewe, nikakusimulia, ukapiga kigelegele hadi matroni akakunyang'anya simu. Mpaka hapo kisa chako ni cha kweli.

Kama ningeishia hapo, Atupele pengine angekuwa hai. Lakini mimi niliishia wapi? Nilivimba kichwa. Bingwa wa Dar es Salaam alikuwa ameniandikia, "Kazi nzuri sana, sista," mbele ya watu wote wale, na mimi muuguzi wa zahanati yenye bati linalovuja sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu. Nikataka na wa kwetu wajue. Kulikuwa na grupu jingine, la wahudumu wa afya wa vijijini, wakulima wa kawaida tuliowapa mafunzo ya siku chache, wa Lupepo na Matwebe. Nikaichukua picha na majibu ya mabingwa nikatuma kwao, nikaandika: "Jifunzeni, mkawakague wake zenu na majirani." Nilikuwa nafundisha, Rukia. Wallahi nilidhani nafundisha.

Uso haukuwemo, lakini kitenge kilikuwemo, amekishusha kiunoni. Kitenge kile cha rangi ya damu ya mzee chenye ndege weupe. Mama mkwe wake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na baba mkwe, Mzee Mwakipale, alinunua jora zima ili wanawake wa ukoo wavae sare siku ya kumaliza msiba. Lilishonwa na mjomba wako Hamisi dukani kwake hapa mjini. Mimi mwenyewe nililiona juu ya meza yake, nikalisifia. Kata nzima hakuna nyumba nyingine yenye kitenge kile, na mimi nilikipiga picha bila kukiona, kwa vile nilikuwa nalitazama titi.

Sisi babu zetu walitoka Kilwa, tumezaliwa hapa, Kinyakyusa tunakisema kuliko lugha ya wazee wetu, lakini mila hizi kwetu hatukulelewa nazo. Wewe mtoto wa mjini umezisikia kwa kuchekwachekwa tu. Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa meza moja, lakini nyumba ya Mzee Mwakipale haikuacha. Akisikika anakohoa njiani, Atupele alikuwa anaingia kwenye migomba, anampa mgongo hadi apite. Miaka saba ya ndoa hawakuwahi kutazamana usoni. Wala usidhani alikuwa anaonewa. Alikuwa anaringia adabu yake, na yule mzee alikuwa anamsifia kwa watu kwamba mkamwana wangu ana heshima kuliko wote.

Picha ilitoka kwa mhudumu mmoja ikaenda kwa mkewe, ikaenda kwenye kwaya, ikazunguka. Jumapili mchana mtoto wa mwisho wa mzee, hajui hili wala lile, akamwekea baba yake simu mbele ya macho. "Tata, hiki si kitenge cha msiba wa mama?"

Wanasema mzee alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, akaenda kukaa shambani mpaka jua likazama, hakula. Hakusema neno baya hata moja. Atupele alipoambiwa alifunga nguo zake, akambeba mdogo, akamshika mkubwa mkono, akaenda kwao Kinyala. Mumewe alipofika Jumanne alikuta mlango umefungwa.

Nilimfuata Kinyala. Nilikwenda mara nne. Mara mbili za mwanzo mama yake alinijibia uani, kwa upole, kwamba mgonjwa amelala. Mara ya tatu nikapandisha hasira, nikasema mwanao atakufa kwa ajili ya mila za kijinga. Naam, nilisema hivyo, kwenye ua wa watu, mimi niliyesababisha. Mama yule akaniangalia, akarudi kupalilia viazi vyake. Mara ya nne Atupele alitoka mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alinisalimia vizuri, "Mugonile," akaniletea kigoda, akaketi chini.

Nikamwambia habari za Mbeya, kwamba bado kuna nafasi, kwamba kule ni madaktari tu, hakuna ndugu wa kumwona.

Akasema, "Kule ndiko wameniona wote, mama. Nitaingiaje mahali ambapo wote wameshaniona?"

"Hawakujui wewe ni nani."

"Baba mkwe naye hakuniona uso."

Nikainama nikafunga kamba ya kiatu. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Uliniambia daktari mmoja. Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua. Nilimdanganya tena, akiwa amekaa chini mbele yangu, na harufu ya lile titi inanifikia pale nilipo.

Alikufa viazi vikiwa vinachimbwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Nataka ujue na mengine, maana kwenye swali lako waliandika "mwanamke, 29" wakaishia hapo. Alikuwa mcheshi. Akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa sababu ya jino moja la mbele lililovunjika. Siku ya kliniki alikuwa akiwabebea wenzake watoto foleni nzima, na mkubwa wake alikuwa anajua kuhesabu kwa Kiswahili hadi kumi na nne, kumi na tano anaikataa, hasemi kwa nini. Hayo ndiyo ninayoyajua. Ni machache kwa mtu niliyempapasa kifua mara tatu.

Usije ukafikiri nataka kukwambia zamani kulikuwa kuzuri. Hapana. Tulipokuwa wanafunzi tulipangwa wanane kuzunguka kitanda cha mama mwenye uchungu, kila mmoja anavaa glavu anaingiza vidole, mkufunzi anauliza, "Sentimita ngapi?" Jina lake hakuna aliyeuliza. Zamu ya tano yule mama akainuka kwa viwiko, akatufokea kwa Kinyakyusa kwamba tutoke wote, yeye si gunia la mahindi kila mnunuzi alichome bambo kutoa punje za kuonja. Tukatoka mbio, mkufunzi mbele! Tulikuwa wabaya vilevile, ila alikuwepo wa kutufukuza. Atupele hawezi kumfukuza mtu yeyote kwenye simu yako. Kila mwaka wanaingia wanafunzi wapya, wanamfungua, wanamjibu, wanapata alama.

Nakuambia haya siyo ili uitupe simu. Ningekuwa na simu yako wakati wa vidonge vile vya mwanzo, nisingempotezea majuma yake. Utajifunza mengi humo, utayajua mambo ambayo mimi nimeyazikia watu, na nakuonea wivu, nakiri. Tena kuna siku utakuwa peke yako mahali pabaya na jibu litakuja kutoka mbali, utalia kwa furaha kama mimi. Siku hiyo uwe mwangalifu kuliko siku ya kutojua. Mimi nilipokuwa sijui nilikuwa na woga, na woga ule ulinifanya nimtazame. Nilipojua, nilimgeuzia mgongo nikaanza kushangiliwa.

Wala kosa la uongo wangu usilibebe. Furaha uliyoipata siku ile ilikuwa ya haki. Ikiwa utaona udaktari umeujenga juu ya kisa ambacho hakipo, nakuelewa, na utakachoamua siwezi kukupinga. Naogopa tu usije ukakaa huko ukiwa na kinyongo nami na huniambii.

Sasa bado kuna jambo moja, na hili sijamwambia mtu yeyote.

Wiki moja baada ya mazishi Mzee Mwakipale alikuja zahanati. Alichukua kadi, akakaa kwenye benchi na wagonjwa, akasubiri zamu yake kama wengine. Alipoingia nikamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi," akasema. Alikuwa ameshika kofia mikononi. "Nimekuja kuuliza. Ile picha inafutika?"

Nikamwambia, "Nimeshaifuta, baba."

"Kwenye simu zote?"

"Zote."

"Hakuna mtu anayemwona tena?"

"Hakuna, baba."

Rukia, uso wa yule mzee ulilegea. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo." Akaivaa kofia yake akaenda zake. Tangu siku hiyo, miaka minne, kila tukikutana sokoni ananishukuru. Hajataja kitu, anasema ndaga tu, na mimi najua ni ya nini. Lile chane la ndizi ulilokula Alhamisi ile, ukaniambia mbalaga leo imekolea, alinipa yeye. Nilipokea. Ningekataaje?

Kesho basi lako likishaondoka sirudi nyumbani. Nakwenda Lupepo moja kwa moja kumwambia kwamba haikufutika, kwamba ipo kwenye simu za watu nisiowajua, kwamba wanafunzi wanajifunzia, na kwamba mmoja wao ni mwanangu wa kumzaa. Sijui kwa mzee wa umri ule hilo ni haki au ni ukatili mwingine. Nimelifikiria kwa miaka, sijapata jibu, na bingwa wa kumuuliza hayupo.

Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ni mwepesi. Utanikasirikia, utazima simu, na siku moja utapiga. Mzee akinitukana nitapumua. Akinifukuza nitaondoka. Ninachokiogopa ni kwamba ataigeuzageuza kofia yake, halafu kwa adabu yake ileile atanishukuru kwa kumwambia.

Mimi,
mama yako.